Gemu Inayokusubiri

Wateja wengi wanaoingia kwenye kibanda changu cha ufundi simu hapa Mwanga, Kigoma, wakitaka kuwekewa gemu, wanataka mpira au magari. Sijawahi kumkatalia mtu. Lakini nikiona simu yenyewe ina RAM ya GB 2 na imejaa video za harusi, najua gemu ya mpira itakwama kila mshambuliaji anapofika golini, na kijana atailaumu simu, kisha mtandao, kisha mimi. Kwa hiyo nikishamwekea alichokitaka namwomba dakika kumi, namwekea na nyingine ndogo, ya bure, isiyodai bando wala wepesi wa vidole. Gemu ya zamu.

Kwa asiyezijua, ziko hivi: unacheza wewe, ukimaliza unabonyeza kitufe, anacheza mwenzako au kompyuta, kisha inarudi kwako. Una ramani, una miji au kikosi cha askari, una fedha kidogo na mambo mengi ya kuzifanyia. Hakuna saa inayokufukuza. Ukitaka kukaa robo saa unatazama mto na kilima kabla hujamsogeza mpiga mishale mmoja, kaa. Akiingia mteja, weka simu mezani umhudumie. Ukirudi utakuta kila adui amesimama pale pale ulipomwacha.

"Sasa utamu wake uko wapi, fundi, mbona haikimbii?" Swali hili naulizwa sana, na huwa nalijibu kwa mkato kwa sababu mteja ana safari zake. Leo nataka kulijibu kwa nafasi. Utamu uko hapo hapo kwenye kusubiri. Gemu ikikusubiri, imekukabidhi uamuzi mzima. Ukishinda, umeshinda kwa akili yako. Ukishindwa, hakuna kidole kilichoteleza, hakuna mtandao uliokatika, hakuna refa. Kuna uamuzi ulioufanya mahali fulani, na ukiutafuta utaupata. Sijaona mchezo mwingine wa kwenye kioo unaomheshimu mchezaji kiasi hicho.

Haikuwa lazima ziwe hivi. Sid Meier, mtengeneza gemu, alipoanza kuitengeneza Civilization, gemu ya kujenga miji na dola, pamoja na Bruce Shelley kwenye kampuni ya MicroProse, toleo la mwanzo la majaribio lilikuwa linakwenda lenyewe: muda unatembea, miji inakua, mchezaji anatazama na kuingilia kati. Meier aliliweka kando, na aliporudi akaligeuza kuwa la zamu. Gemu ikatoka mwaka 1991, na hadi leo ndiyo mama wa nyingi ninazowawekea watu. Muda ukitembea wenyewe, mambo yanatokea na wewe unayakimbiza. Muda ukisimama, hakitokei kitu mpaka uamue. Ni Meier huyo huyo anayejulikana kwa kusema kwamba gemu ni mfululizo wa maamuzi yanayovutia. Kwa gemu za zamu kauli hiyo ni kweli kabisa, maana ukiondoa maamuzi hakibaki kitu.

Miaka ya 1990 upepo ulivuma upande mwingine, wa gemu za vita ambazo muda wake haumsubiri mtu. Dune II ilitoka mwaka 1992, Warcraft ikafuata mwaka 1994, StarCraft mwaka 1998, na wachezaji wa kulipwa wa Korea Kusini wakafikia kutoa amri zaidi ya 300 kwa dakika moja. Nawavulia kofia, ile ni kazi ya mikono kama ya mpiga ngoma. Hata Diablo, ambayo watu wanaikumbuka kwa kukatakata maadui bila kupumzika, ilipangwa kwanza kuwa ya zamu na ikageuzwa kabla haijatoka. Ilionekana kama kusubiri kumepitwa na wakati. Sikubaliani. Amri 300 kwa dakika ni maamuzi mangapi kwa kweli? Nyingi kati yake ni mazoea ya vidole, na mtu mwenye simu yenye kioo kilichopasuka kona moja hayawezi hayo mazoea hata awe na akili ya jemadari.

Mwanafunzi wangu bora ni shemeji yangu, mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mitumbwi ilipandishwa ufukweni na wanaume waliozoea kulala mchana na kukesha ziwani wakabaki na siku ndefu wasizojua wazifanyie nini. Shemeji akawa anakuja kibandani kuchaji simu, anakaa kwenye benchi. Nikamwekea Unciv. Hiyo ni gemu ya bure iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, inafuata kanuni za Civilization V ya mwaka 2010 lakini kwa michoro rahisi kabisa, kiasi kwamba simu ambayo ningeiita mgonjwa inaiendesha bila shida. Ikishaingia haiulizi tena intaneti. Na watu wawili watatu wanaweza kuicheza kwenye simu moja kwa kupokezana.

Alijifunza kwa namna ambayo sikuitarajia. Hakuuliza kitufe gani kinafanya nini. Aliuliza gharama ya mlowezi, yule anayekwenda kuanzisha mji mpya. "Huyu mlowezi nikimtengeneza, mji unasimama kukua?" Ndiyo, unasimama. "Kwa zamu ngapi?" Akaziangalia. "Basi nimtengeneze sasa au nisubiri watu waongezeke kwanza?" Hilo ndilo swali ambalo wachezaji wa Civilization wamekuwa wakibishana juu yake tangu nikiwa mtoto, na yeye alilifikia siku ile ile, kwa sababu maisha yake yote ni mahesabu ya aina hiyo: petroli ya leo, upepo wa jioni, tutoke au tulale.

Nataka kusimulia mchezo mmoja kwa karibu, kwa kuwa bila kuona zamu yenyewe maneno haya yanaelea. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji, na kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda. Mimi nilikuwa mbali, kusini mwa ramani, kwa hiyo nilikuwa mtazamaji zaidi. Mji wa shemeji ulikuwa kando ya mto, na nyuma yake kilima. Kilimani alikuwa amemweka askari wa mikuki. Alikuwa na wapiga mishale wawili, wote ndani ya eneo la mji. Kijana wa bodaboda alikuwa na farasi wawili ng'ambo, na kila farasi hutembea hatua nne kwa zamu, mara mbili ya askari wa miguu.

Zamu ikamfikia shemeji. Akaishika simu bila kugusa kioo. Akakaa nayo. Bodaboda akaanza kuimba, akaenda kununua maji, akarudi. Shemeji bado. Kisha akamtoa mpiga mishale mmoja nje, akamweka uwandani, hatua chache kutoka mtoni, peke yake, bila ulinzi wowote wa miti wala kilima. Akabonyeza, akatoa simu. Kijana alipomwona yule mpiga mishale alicheka kwa furaha. "Huyu namla, kaka." Akamvusha farasi wa kwanza. Farasi akafika ukingo wa pili, na hesabu ya hatua ikasoma sifuri.

Kwenye gemu hii kuvuka mto kunamaliza hatua zako zote za zamu hiyo, hata uwe na nne. Farasi akawa amesimama upande wa shemeji wa mto, hawezi kupiga, hawezi kurudi. Kijana akamvusha na wa pili ili asimwache mwenzake. Ikawa zamu ya shemeji. Mji ukarusha mishale yake, wapiga mishale wawili wakaongeza, na yule wa mikuki akateremka kutoka kilimani. Mikuki dhidi ya farasi hupata nyongeza ya asilimia 50. Farasi wa kwanza akafutika kwenye ramani. Wa pili hakumaliza zamu mbili.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuja baadaye. Kijana hakukasirika. Alisema, "Turudi nyuma tuone." Unciv inajihifadhi yenyewe kila zamu, kwa hiyo tukafungua zile za nyuma moja moja. Aliamini alishindwa pale mtoni. Tuliporudi tukaona sivyo. Mtoni alikuwa ameshashindwa. Alishindwa zamu kadhaa kabla, siku alipochagua kutengeneza farasi bila kumtuma mpelelezi kuiona nchi inayomtenganisha na adui yake. Angeuona ule mto na kile kilima angetengeneza wapiga mishale, wenye kupiga kutoka ng'ambo bila kuvuka. Tukabishana pale zaidi ya muda tuliocheza. Mpaka leo akikaa na gemu mpya, zamu zake za kwanza zote ni za mpelelezi.

Wazee wanaocheza bao kule Ujiji wanaujua ubishi huo. Mchezo ukiisha ndipo maneno yanapoanza: ungetakata kushoto, ungeiacha ile nyumba, ungekula mapema. Bao lina mashimo 32 na kete 64 na halina bahati hata chembe, kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote, na kwa hiyo kila kosa linaweza kufuatiliwa hadi kwenye mkono uliolifanya. Mtu aliyekulia kwenye baraza za Ujiji hana haja ya kufundishwa utamu wa zamu.

Gemu za kompyuta zimeongeza kitu ambacho bao halina, nacho ni bahati. Hapa ndipo watu wanaponikamata. "Wewe unasema kila kushindwa kuna uamuzi wake, sasa ile ya kuambiwa asilimia 75 halafu risasi inakwenda hewani, uamuzi uko wapi?" Ni swali zuri, na linahusu hasa XCOM, ile ya mwaka 1994 aliyoiasisi Julian Gollop na ile iliyotengenezwa upya na kampuni ya Firaxis mwaka 2012. Unaongoza kikosi kidogo cha askari dhidi ya viumbe kutoka sayari nyingine. Kabla hujafyatua unaonyeshwa uwezekano wa kupata. Kila aliyecheza ana hadithi ya asilimia 90 na kitu iliyomwangusha, na anaisimulia kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

Meier alilizungumzia jambo hili kwenye mkutano wa watengeneza gemu huko San Francisco mwaka 2010. Wachezaji wa majaribio walipoonyeshwa kwamba nguvu zao ni tatu kwa moja dhidi ya adui, walikasirika waliposhindwa, ingawa kwa hesabu, kwa wastani, utashindwa mara moja kwenye kila nne. Walipokuwa wao ndio wanyonge, moja kwa tatu, wakashinda, hawakulalamika hata kidogo. Watengenezaji walilazimika kuzipindisha namba kidogo ziendane na moyo wa mtu. Mimi hilo linanisikitisha. Napendelea gemu inayosema asilimia 75 ikimaanisha 75.

Nikamwonyesha shemeji XCOM kwenye laptopu ya mteja wangu mmoja aliyeniruhusu. Alipokosa kwa asilimia 80 hakusema neno. Akaangalia askari wake wamesimama wapi. Mvuvi wa dagaa anatoka usiku wa giza, taa zimewaka vizuri, ziwa limetulia, dalili zote nzuri, na bado anaweza kurudi na ndoo mbili. Haoni ajabu. Anachojiuliza ni kama alibakisha petroli ya kurudia. Na hilo ndilo jibu la swali. Asilimia 75 ni sehemu ya uamuzi, haiko nje yake. Mchezaji mzuri wa XCOM hapigi risasi yake ya kwanza kutoka mahali ambapo akikosa anakufa. Anamficha huyu nyuma ya ukuta, anambakiza yule bila kumtumia, anaanza na yule ambaye akikosa bado kuna wawili wa kurekebisha. Bahati inaweza kukunyang'anya risasi moja. Ukiona imekunyang'anya mchezo mzima, rudi nyuma, utakuta uliiachia mlango wazi.

Kama bahati inakuchosha kabisa, kuna Into the Breach, iliyotoka mwaka 2018. Naipenda kwa namna ya pekee. Uwanja ni miraba minane kwa minane, sawa na ubao wa drafti. Una mashine tatu tu. Na kabla hujacheza, kila adui anakuonyesha wazi atampiga nani zamu ijayo. Huhitaji hata kumuua: unamsukuma mraba mmoja pembeni, pigo lake linamwangukia mwenzake. Vita nzima ni zamu chache, mara nyingi tano. Nimewahi kukaa na zamu moja tangu umeme ulipokatika hadi betri ya laptopu ilipoanza kunitishia, nikijua kuna suluhisho linalookoa majengo yote, na lilikuwepo. Furaha ya kulipata haina kelele, lakini nilikwenda kufunga kibanda nikiwa natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa niseme na udhaifu, kwa kuwa nazipenda gemu hizi na sitaki kumdanganya anayetaka kuanza. Civilization na ndugu zake huharibika mwishoni. Zamu 50 za kwanza ni tamu mno: kila mtu mmoja, kila shamba, kila hatua ina uzito. Ukifika zamu ya 250 una miji kumi na tano na askari arobaini, unajua umeshashinda, na bado unatakiwa kumsogeza kila mmoja kwa mkono. Uamuzi unageuka kuwa utaratibu wa ofisi. Hakuna toleo lililoiponya hali hiyo sawasawa, na mimi nikifika hapo huwa naanzisha mchezo mpya bila majuto.

Kinachokufikisha hadi zamu hiyo ya 250 bila kujua ni ufundi mmoja wa siri. Ghala litakamilika baada ya zamu tatu. Ugunduzi wa chuma, zamu tano. Mlowezi, zamu mbili. Hakuna wakati ambapo mambo yote yanaisha kwa pamoja. Daima kuna kimoja kinachokaribia. Unajiambia zamu moja tu, uone mlowezi akitoka. Anatoka, na ghala limebaki zamu moja. Hivyo ndivyo jogoo wanavyowika hujalala. Nawaambia vijana wazi wazi, hasa wenye mitihani: gemu inayokusubiri inakusubiri na kesho. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, itumieni.

Kando kidogo. Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguka kwa wimbo wa Kiswahili. "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin, Mmarekani, na maneno yake ni Sala ya Bwana. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kupata tuzo hiyo kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu. Nina laptopu nzee inayoiendesha vizuri, na mama yangu, mwanakwaya wa miaka mingi, aliusikia kutoka chumbani akaja kuniuliza ni kwaya ya parokia gani. Nikamweleza. Akakaa akausikiliza tena hadi mwisho, kisha akasema wameimba vizuri lakini wanakimbia. Mamilioni ya watu duniani walisikia lugha yetu kwa mara ya kwanza wakisubiri kuanza zamu ya kwanza. Jambo hilo linanigusa kila ninapolifikiria.

Lakini wimbo ukiisha na ramani ikifunguka, sisi hatumo. Tuko pembeni: kwenye Civilization VI ya mwaka 2016 kuna Kongo ya mfalme Mvemba a Nzinga, na kuna Zanzibar kama mji mdogo unaotoa mdalasini na karafuu ukifanya nao urafiki. Kwenye toleo la tano kuna chumvi, mali ambayo wachezaji huishangilia wakianza karibu nayo, na mtu wa Kigoma haelezwi kwa nini: Uvinza watu wamepika chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na njia za biashara zilipinda kuifuata. Ila waliobaki, wasio na dola lenye jina, gemu inawafanya vijiji vinavyokupa dhahabu mpelelezi wako akipita na kisha kutoweka, au washenzi wanaochomoza porini kuvamia misafara. Hawana zamu. Na kwenye gemu hizi, asiye na zamu hana uamuzi.

Nikiliwaza hilo namfikiria Mirambo. Watoto wetu wanapelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, wanaonyeshwa Stanley alipomkuta mwaka 1871. Hawaambiwi kwa nini Stanley alifika Ujiji kwa kuzunguka kusini wakati barabara ya misafara kutoka Tabora ilijulikana na kila mpagazi. Barabara ilikuwa imefungwa. Aliyeifunga ni Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyejenga Urambo, na aliifunga kwa maamuzi ambayo mchezaji yeyote wa zamu atayasoma kwa mshangao.

Agosti mwaka huo Waarabu wa Tabora walikusanya jeshi wamwendee, Stanley akiwa pamoja nao. Kikosi kimoja kikiongozwa na Soud bin Said kilikwenda Wilyankuru, kikaingia ndani ya boma, kikachukua pembe za ndovu na mateka. Mirambo hakufia kwenye boma lile. Aliliachia. Aliondoka na watu wake, akawalaza kwenye nyasi ndefu pande zote mbili za njia, akasubiri kikosi kirudi kimeelemewa na mizigo. Soud aliuawa hapo na wenzake wengi. Jeshi lililobaki likavunjika kwa hofu, na kabla mwezi haujaisha Mirambo alikuwa ameushambulia mji wa Tabora wenyewe na kuchoma sehemu yake. Vita viliendelea kwa miaka, bei ya pembe ikitikisika hadi pwani. Mtu huyu kwenye gemu ya kawaida angekuwa mshenzi wa porini. Mimi namwona kama yule shemeji na mpiga mishale wake uwandani: aliwapa kitu cha kuchukua, akijua kukichukua kutawamaliza hatua.

Kwa hiyo nimeanza kuitengeneza vita hiyo. Natumia The Battle for Wesnoth, gemu ya bure aliyoianzisha David White mwaka 2003, ambayo inakuja na kifaa chake cha kuchorea ramani na lugha nyepesi ya kuandikia kanuni zako. Haihitaji shahada. Ina kitu ambacho shemeji alikielewa kabla sijamaliza sentensi: siku imegawanywa zamu sita, kuanzia alfajiri hadi usiku mkubwa, na wako askari wanaopata nyongeza ya asilimia 25 mchana na kupoteza kiasi hicho hicho usiku, na wako wa kinyume chao. Mvuvi anayeshinda ufukweni wakati wa mbalamwezi na kutoka wakati wa giza hana la kuuliza hapo.

Ramani nimeichora kutoka Tabora hadi Wilyankuru kwanza. Mto Malagarasi na njia ya Ujiji nitaviongeza baadaye, pamoja na hongo, yaani ushuru wa kupita, ya kila kivuko. Kazi kubwa imekuwa mzigo. Nataka kikosi kinachobeba pembe kipungue hatua, kutoka tano hadi tatu, na kamanda awe na ruhusa ya kuitupa mizigo wakati wowote, ili asiseme hakupewa nafasi. Wesnoth ina uwezo wa kuvizia, askari asionekane mpaka umkaribie, ila umefungwa kwenye misitu. Nauandika upya ufanye kazi kwenye nyasi ndefu. Mirambo ana zamu zake kamili. Waarabu nao wana zao, kwa kuwa sitaki mpumbavu wa kupigwa, nataka mtu mwenye sababu nzuri za kwenda Wilyankuru na sababu nzuri zaidi za kutorudi kwa njia ile ile. Mateka wamenisumbua kuliko vyote. Nimeamua hawatakuwa namba ya mzigo kama pembe; nao watapata zamu, na wakipata upenyo watakimbia.

Nimeipa vita nzima zamu 24, yaani siku nne mchana na usiku. Shemeji na kijana wa bodaboda ndio watakaoijaribu kwanza, kwa kupokezana laptopu. Wakicheza pande zote mbili na nikaona Waarabu wanarudi Tabora salama kirahisi, sitampunguzia mtu nguvu; nitaongeza nyasi.